Wamekwama Porini: Namna ya Kutengeneza Filamu ya Kutisha Kwenye Miombo ya Tabora

Filamu zetu nyingi za kutisha zinaanzia makaburini na kuishia kwa mganga. Katikati kuna mtu aliyepakwa unga usoni, anatoa macho, na muziki unapiga kelele kumzidi. Mtazamaji amezoea, anatafuna karanga zake bila wasiwasi. Wakati huohuo sisi wa Tabora tunalala jirani na pori ambalo hata wenyeji wanaliingia kwa adabu. Panda treni ya Kigoma uone: Usoke, Urambo, Kaliua, Usinge, Nguruka, Malagarasi, Uvinza. Ni kilomita kama 400 hadi mwisho wa reli, na sehemu kubwa ya safari unachokiona dirishani ni miti tu.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye simu nzuri au kamera ya kuazima, marafiki wachache wanaoweza kuigiza, na hamu ya kusimulia habari ya wasafiri waliokwama. Kabla ya yote shika jambo hili: miombo, yaani pori letu hili la miti iliyoachana, haitishi kwa namna msitu wa mvua unavyotisha. Humu unaona mbele, mita hamsini, mahali pengine mia. Mwanga umejaa. Shida ni kwamba unachokiona mbele ndicho kilicho nyuma, kushoto na kulia: mtundu, myombo, mninga, kichuguu, mtundu tena. Hakuna mlima wa kukuelekeza. Mtu anatembea saa nzima, anatokea kwenye nyayo zake mwenyewe. Filamu yako isimame juu ya hofu hiyo, na hatua zote zinazofuata ziitumikie.

Hatua ya 1: Wakwamishe kwa sababu inayoaminika

Watazamaji wa Nzega na Kasulu wanayajua magari. Wamesukuma Noah kwenye matope, wamelala ndani ya basi lililokatika springi, wamesubiri fundi aje na bodaboda kutoka wilaya nyingine. Ukiwaonyesha gari linazimika ghafla bila sababu, moshi mweupe unatoka kwenye boneti na dereva anasema "sijui limepatwa na nini," watacheka, na ukishawapoteza hapo huwapati tena.

Kama hadithi yako ni ya masika, mkwamishaji yupo tayari: mbuga. Huku kwetu ardhi ya juu ina miti na mchanga, na mabondeni kuna mbuga zenye udongo mweusi wa mfinyanzi. Kiangazi udongo huo umepasuka na ni mgumu, gari linapita. Mvua ikinyesha unageuka utelezi unaoshika tairi hadi kwenye ekseli, na kadiri dereva anavyokanyaga mafuta ndivyo gari linavyozama. Lakini kupiga picha masika ni adhabu kwa vifaa na kwa mfuko, kwa hiyo wengi wenu mtachagua kiangazi. Hapo tumia tairi la pili kupasuka wakati spea imeshatumika, au mafuta kuisha kwa sababu njia imekuwa ndefu kuliko ilivyodhaniwa.

Na kwa nini wako nje ya barabara kuu? Siku hizi lami imefika sehemu nyingi, huwezi kusingizia barabara mbovu tu. Mpe dereva siri. Chini ya viti vya nyuma amebeba mbao za mninga zisizo na kibali, na mbele kuna kizuizi cha mazao ya misitu. Anaingia njia ya zamani ya warina asali, anawaambia abiria, "Nusu saa tu, tunatokea Kaliua." Sasa una sababu ya kupotea, una mtu mwenye hatia, na una abiria ambao hawajui kwamba wamedanganywa. Huo ndio utajiri wa hadithi ya waliokwama. Pori linafanya kazi nusu, nusu nyingine ni watu wenyewe kwa wenyewe.

Bado simu. Kila mtazamaji atauliza kwa nini hawapigi, kwa hiyo mjibu mapema. Simu moja haina chaji kwa sababu mwenyewe aliangalia video tangu stendi. Ya pili ina chaji lakini haina mtandao. Kijana anapanda kichuguu, anainua mkono, kijistari kimoja kinatokea, simu inalia, wote wanamkimbilia: ni tangazo la kununua bando. Kisha kijistari kinapotea. Ukumbini watu watacheka kwa uchungu, na ni vizuri wacheke, maana anayecheka hajajiandaa kwa kinachokuja.

Hatua ya 2: Chagua kitisho, na ujue usichogusa

Usiazime zimwi la kigeni. Pori hili lina vyake.

Anza na mizinga. Warina asali wa Tabora hutundika mizinga ya magome na ya magogo juu ya miti, mbali na vijiji, na kwa mbali jioni unaona kitu kirefu kimelala tawini au kinaning'inia bila kutikisika. Mwenyeji anajua ni mzinga. Kamera haijui, na mwanafunzi wa chuo aliyetoka Dar hajui pia.

Kisha kuna yule ndege anayeongoza watu kwenye asali. Yupo kweli, si wa hadithi. Anakuja karibu na mtu, analia kwa kelele za haraka, anaruka mti hadi mti akisubiri afuatwe, mpaka kwenye nyuki. Binadamu anavunja, anatoa asali, na ndege anapata nta na mabuu. Warina asali husema usipomwachia fungu lake, safari ijayo atakupeleka kwa nyoka au kwa simba. Tazama hapo una filamu nzima: abiria wenye kiu wanamfuata ndege, wanapata asali, wanaikomba yote kwa njaa. Kesho yake ndege anarudi. Mmoja wao, yule mama mtu mzima, anakataa kumfuata. Wengine wanamfuata.

Unaweza pia kuchimba historia. Urambo iliwahi kuwa moja ya maeneo ya mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951 baada ya pori kufyekwa kwa mitambo na fedha nyingi kupotea. Mashine iliyoachwa, shamba lililorudi kuwa pori, ni mandhari tosha. Njia ya misafara kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji nayo ilipita nchi hii, na wapagazi wa Kinyamwezi waliitembea na mizigo mabegani. Humo pia walipita watu waliofungwa minyororo. Ukiigusa habari hiyo, iguse kwa heshima. Mtumwa aliyekufa si pambo la kutishia watu wanaokula bisi.

Sasa usichogusa. Usimfanye bibi kizee mwenye macho mekundu kuwa mchawi wa filamu yako. Kanda hii yetu ya magharibi na ile ya ziwa, vikongwe wameuawa kweli kwa tuhuma za uchawi, na macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi. Mtu mwenye ualbino vivyo hivyo: asiwe mzimu, asiwe dawa, asiwe ishara ya bahati wala mkosi. Na kama hadithi inasogea Kasulu au Kibondo, achana na mkimbizi anayetokea porini na panga. Mwandishi anayehitaji watu hawa ili atishe bado hajalijua pori.

Hatua ya 3: Andika skripti fupi yenye maeneo machache

Ukurasa mmoja wa skripti iliyopangwa vizuri hutoa kama dakika moja ya filamu. Kwa mara ya kwanza lenga dakika ishirini hadi thelathini. Maeneo matatu yanatosha: gari, mti wenye mzinga, na bani la kukaushia tumbaku lililoachwa. Mabani haya yapo kwingi Urambo, Kaliua na Sikonge, na ndani yana weusi wa moshi na harufu ambayo waigizaji wenyewe itawakalisha kimya.

Kwa kuwa kitisho chako ni kufanana, sini, yaani tukio, iliyo kiini cha filamu ni ile ya kurudi palepale. Iandike kwa maneno machache:

MCHANA. PORINI. Watu wanne wanatembea kwa mstari. Mama Kulwa anasimama chini ya mti wenye mzinga.

MAMA KULWA: Mwanangu, huu mzinga hatujaupita?

DEREVA: Mizinga yote inafanana, mama.

MAMA KULWA: Inafanana, sawa. Na hiki?

Ameshika kipande cha kanga kilichofungwa kwenye shina. Ni cha kanga aliyojifunga. Utingo anatazama juu. Mzinga umegeuzwa. Tundu la nyuki sasa linaangalia walikotoka.

Hakuna anayepiga kelele hapo, na usiwaruhusu. Angalia pia wanavyoitana. Mama wa makamo wa Tabora, hata akiwa na hasira, atamwita dereva kijana "mwanangu" au "baba," na kijana atajibu "mama." Liweke hilo tangu mwanzo. Halafu siku ya pili, siri ya mbao ikishafichuka, Mama Kulwa amwite "wewe" bila kuongeza neno. Mtazamaji ataelewa kwamba kitu kimevunjika kuliko gari.

Kwa usiku una silaha nyingine isiyogharimu chochote. Wameuzunguka moto, wamenyamaza, na sauti ya mtu inasema gizani, kwa upole kabisa, "Hodi." Nani anapiga hodi mahali pasipo na mlango? Wazee wengi wameonya watoto wasiitike haraka wakiitwa jina usiku. Mtazamaji amelelewa na onyo hilo. Wewe mweke mhusika mmoja asiye na subira, aitike, "Karibu."

Hatua ya 4: Vibali, na watu wa kijijini

Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya 1976, inataka kibali kabla hujaanza kupiga picha, na Bodi ya Filamu Tanzania ndiyo inayoshughulika nacho. Andaa skripti au muhtasari, majina ya wahusika wa kazi, na maeneo mtakayotumia. Ofisi ya utamaduni ya halmashauri itakuelekeza pa kuanzia, na ni vyema afisa utamaduni akujue kabla hujaonekana na kamera barabarani.

Baada ya hapo uliza pori ni la nani, maana miti inafanana lakini wenyewe ni tofauti. Hifadhi ya msitu ya serikali kuu iko chini ya TFS, wakala wa huduma za misitu. Pori la akiba ni la TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Hifadhi ya taifa, mathalani Mto Ugalla iliyopandishwa hadhi 2019, ni ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Msitu wa kijiji unaombwa kwa serikali ya kijiji, na kwa filamu ndogo hapo ndipo nafuu ilipo: mtendaji, mwenyekiti, barua yenye muhuri, na maelewano na warina asali wenye mizinga. Usiguse mzinga wa mtu. Omba kununua mkuukuu au chonga wa kuigizia. Ukitaka droni, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ina kibali chake, na usiirushe kwa kudhani kwamba porini hakuna anayeona.

Sungusungu ndio wanaosahaulika. Ulinzi huu wa jadi ulianzia huku kwetu Unyamwezini na Usukumani miaka ya 1980, na vijijini bado yowe linaitikiwa. Wewe umepanga mwigizaji wako apige mayowe saa nne usiku, ametapakaa rangi nyekundu, mwenzake anamkimbiza na panga la mbao. Watu watakuja, na hawatakuja na kamera. Hudhuria kikao cha kitongoji, taja siku na saa za mayowe, na umlipe kijana mmoja wa kijijini akae nanyi kila usiku. Kama kuna bunduki ya bandia, kituo cha polisi kijue, na askari wa wanyamapori pia, maana taa zinazotembea usiku karibu na hifadhi zinafanana sana na za majangili.

Hatua ya 5: Msimu na saa

Mvua huku huanza karibu Novemba na kukoma karibu Aprili. Juni na Julai hewa ni safi, usiku ni baridi, nyasi bado zimesimama na ni za dhahabu. Agosti mioto ni mingi, moshi unatanda, na jua la jioni linakuwa jekundu na bila makali. Septemba na Oktoba ni joto kali, lakini kuna kitu ambacho mpiga picha wa kutisha hapaswi kukikosa: miombo huchipua kabla ya mvua, na majani yake machanga ni mekundu, ya shaba, ya zambarau. Ardhi imeungua nyeusi, hakuna tone la maji, na juu pori zima limekuwa jekundu. Hakuna programu ya kubadili rangi itakayokupa hilo. Mimi ningevumilia joto.

Panga saa zako kwa jua la huku, si la Dar es Salaam. Nchi nzima inatumia saa zilezile lakini sisi tuko magharibi. Mwezi wa Julai jua linazama Dar kama saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni, Tabora kama saa moja kasoro dakika kumi, na Kigoma saa moja imeshapita. Baada ya hapo, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, utusi haukai. Una dakika kama ishirini za mwanga wa bluu usio na vivuli, ambao kwa filamu hii ni mali kuliko kitu chochote. Fanyeni mazoezi ya sini hiyo mchana, simameni kwenye alama zenu jua likiwa bado juu, na mpige sini moja tu kwa jioni. Anayetaka tatu hupata nusu ya kila moja.

Hatua ya 6: Kupiga usiku bila usiku

Giza la kweli la porini halionekani kwenye kamera ya bei nafuu. Unapata weusi wenye chembechembe. Kwa hiyo usiku mwingi utaupiga mchana. Punguza mwanga wa kamera kwa stopu mbili hivi (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu), weka joto la rangi (white balance) kwenye 3200K ili picha ivute bluu, simamisha waigizaji jua likiwa nyuma yao, na usiingize anga kwenye picha hata kidogo. Hilo la mwisho ndilo gumu kwenye miombo iliyopukutisha majani, maana anga linachungulia kila mahali. Panda kichuguu, elekeza kamera chini, na tumia nyasi na vichaka kuwa ukuta wa nyuma.

Picha za karibu za usiku zipigwe usiku kweli, kwa taa zinazoonekana kwenye hadithi: tochi, taa za gari mpaka betri ife, moto. Tochi ya mwigizaji ikimulika shuka jeupe lililoshikwa nje ya picha inarudisha mwanga laini usoni, na huo unatosha. Kwenye simu funga mwanga na fokasi visijibadili vyenyewe. Tumia fremu 25 kwa sekunde na shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde, kwa kuwa umeme wetu ni wa mizunguko 50 na taa za majumbani hazitamemeteka.

Usitegemee mbalamwezi kumulika sini, lakini itumie kupanga ratiba. Mwezi mpevu huchomoza jua linapozama, kisha kila siku huchelewa kwa karibu dakika hamsini. Usiku wa mwezi mkubwa watu wa kazi hawajikwai na nyaya. Usiku wa giza tochi ndiyo yenye nguvu, na chochote nje ya duara lake hakipo mpaka kitokee.

Moto una masharti. Fyeka na fagia duara la mita tatu hivi mpaka udongo, weka mchanga na madumu ya maji pembeni, teua mtu mmoja asiye na kazi nyingine ila kuutazama. Upepo ukianza, zima. Kuchoma msitu ni kosa la jinai, na Septemba cheche moja inaweza kumaliza mizinga ya familia nzima.

Hatua ya 7: Sauti

Hapa nitakaa, kwa sababu picha mbaya mtazamaji husamehe na sauti mbaya haisamehe. Zaidi ya hilo, hofu ya pori huingilia masikioni.

Kodisha au azima maikrofoni ya bumu, ile ya kushikwa kwenye mti mrefu, yenye kifuniko cha manyoya cha kuzuia upepo. Ukishindwa, weka simu ya pili ndani ya shati la mwigizaji ikiwa inarekodi, kisha piga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni mwa kila teki (kila mara mnaporudia kupiga) ili mhariri aoanishe. Jenereta iweke mbali, nyuma ya kichuguu kikubwa, ikitazama upande usio na upepo. Bora zaidi, tumia betri na uiache jenereta kambini.

Kila mahali unapopiga, wanyamazishe wote na urekodi dakika moja ya utulivu wa hapo. Utauhitaji kuziba mapengo ya maongezi. Halafu rudi bila waigizaji, alfajiri na usiku, ukusanye sauti za pori lenyewe. Komba ni mwigizaji wako wa bure: usiku analia sauti inayofanana na ya mtoto mchanga, na abiria mwenye mtoto akiisikia wakati mtoto wake amelala mapajani, huhitaji muziki. Fisi yupo, bundi yupo. Mchana kuna nyenje wanaopiga kelele moja isiyokatika, na hawa wana matumizi ya ajabu. Waweke chini ya sini nzima ya kutembea mpaka mtazamaji aache kuwasikia, kisha wakate ghafla. Ukimya unaobaki utamfanya aangalie nyuma ya kiti chake.

Sauti ya "Hodi" irekodi mara nyingi kwa watu tofauti, mwanamke, mzee, mtoto, halafu chagua isiyo na ubaya wowote ndani yake. Ukiipunguza na kuizamisha kwa programu ili iwe ya jini, umeiharibu.

Hatua ya 8: Damu, nguo na miili ya watu wako

Damu ya kuigizia wengi huchemsha sukari. Porini Tabora usifanye hivyo, wala usitumie asali hata kama ni rahisi kupatikana. Nyuki na siafu watafika kabla ya muongozaji kusema anza. Pika uji mwepesi wa unga wa ngano, uache upoe, tia rangi nyekundu ya chakula, kisha kakao kidogo ili wekundu usiwe wa soda. Damu ya zamani ongeza kakao, maana damu ikikauka huwa kahawia.

Mbung'o huvutwa na kitu kinachotembea, na wanapenda rangi ya bluu na nyeusi. Mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizohizo. Wavike wahusika na wafanyakazi kahawia, kaki, kijani kilichopauka. Malale imewahi kusumbua Urambo, Kaliua na Kibondo, kwa hiyo mtu akipata homa baada ya kazi amwambie daktari alikuwa pori gani. Wapo pia nyuki wadogo wasiouma wanaofuata jasho na kuingia machoni na puani. Usiwafukuze kwenye picha. Acha mwigizaji ahangaike nao, ni ukweli wa mahali.

Maji hesabu lita nne au tano kwa kila mtu kwa siku ya joto, ya kunywa tu. Waigizaji waigize kiu wakiwa wamekunywa. Viatu vya kufunika, tochi kila anayekwenda chooni, na mtu asitie mkono chini ya gogo: kifutu halali mbali na watu, na hakimbii akisikia hatua. Gari moja libaki na mafuta na dereva asiyeigiza, lielekezwe barabarani, na kila mtu ajue hospitali ya karibu. Kwa Tabora mjini ni Kitete, kwa Kigoma ni Maweni.

Kama unapigia Kigoma

Mantiki ni ileile, mandhari yamegeuka. Uvinza bado ni miombo, na humo kuna sokwe wanaotandika vitanda vipya vya matawi juu ya miti kila jioni. Kitanda kimoja juu ya vichwa vya waliokwama, na swali la nani amelala humo, ni sini nzuri. Sokwe wenyewe waache. Gombe na Mahale ni hifadhi za taifa zenye taratibu zake, na mafua ya binadamu yanaweza kuwaua. Ukitaka wasafiri wa boti, mwambao wa kusini wa Ziwa Tanganyika una sehemu ambazo hufiki ila kwa maji, na kina cha ziwa kinafika mita 1,470. Injini ikifa usiku, hutahitaji zimwi. Ila majaketi ya kuokoa maisha yavaliwe na wote, hata kama inabidi uyafiche chini ya makoti.

Hatua ya 9: Kuhariri na kuitoa

Wakati wa kuhariri tumia ujanja unaofanya pori lijirudie. Picha ya mti uliyoitumia dakika ya tano irudishe dakika ya kumi na mbili ukiwa umeigeuza kushoto kulia. Mtazamaji hatajua amekiona nini, ila ataona anapajua mahali hapo. Kagua tu kwamba hakuna maandishi kwenye fulana wala namba ya gari. Muziki weka kidogo. Rangi usizidishe bluu, miombo ina kijivu chake.

Kabla ya kuionyesha kwa kiingilio, filamu ipelekwe Bodi ikaguliwe na kupangiwa daraja la umri, na usichapishe bango kabla hujalijua daraja hilo. Sajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na wape waigizaji mikataba ya maandishi, hata kama ni marafiki mliosoma wote Milambo. Ukipanga kuanzia kwenye kibanda cha video cha mtaani, nenda mchana na flashi yako uisikilize kwenye spika zao. Nyingi hupiga besi tu, na "Hodi" yako inaweza isisikike kabisa. Tengeneza nakala yenye sauti iliyonyanyuliwa kwa ajili ya vibanda, na mwombe mwenye kibanda aache kuuza soda kwa dakika zile tano za moto.